Jeraha la Pili

Igawilo, Mbeya
14 Februari 1953

Koplo Marcelino,

Ni mimi Asukile, yule uliyembeba mgongoni kule Burma. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu mwezi huu, maana tumezoea kuandikiana wakati wa Krismasi tu: u mzima, ni mzima, basi mpaka mwakani. Safari hii nina shida.

Mvua hapa ni nzuri. Pareto imechanua na viazi havijapata ugonjwa. Mguu wangu wa kushoto unauma baridi ikizidi, lakini unanifikisha shambani na kunirudisha. Sina malalamiko juu ya mguu. Serikali iliuandika mguu siku ile ya kutuachisha jeshi, na mpaka leo napewa haki yake.

Ninalotaka kukueleza ni jeraha la pili. Hilo halikuandikwa mahali popote.

Mwezi uliopita alipita kwenye misheni yetu daktari mgeni, Mzungu mzee aliyewahi kutibu askari. Nilimvizia akiwa peke yake nikamweleza. Akaniambia Nairobi kuna hospitali ya jeshi yenye waganga wanaojua kupasua na kutoa vipande vya chuma vilivyobaki mwilini, ila hawampokei mtu mpaka bodi ya mafao ya askari ikubali kwamba jeraha lake lilitoka vitani. Bodi hiyo huketi huko kwenu Iringa. Wewe ni karani, unakijua Kiingereza cha ofisini. Nakuomba uniandikie maombi.

Majibu yapitishe kwa Premji, mwenye duka Mbeya mjini. Sisi wa huku barua zetu zote hufikia kwenye sanduku lake.

Tafadhali, usimwambie mtu.

Mimi mwenzako,
Asukile


Iringa
2 Machi 1953

Asukile mwenzangu,

Kukubeba! Unasema kama kwamba ulikuwa kifurushi. Ulikuwa mzito kama mlango wa kanisa, na matope yalinifika magotini. Mgongo wangu haujasahau.

Nimefurahi mno kupata barua yako. Mimi sasa nimewekwa masjala, nina meza yangu na mihuri mitatu. Wazee wangu huko Kalenga ni wazima. Mke wangu Apolonia amejifungua salama mtoto wa nne, wa kiume, analia kama sajini. Na wewe je? Kila mwaka nakuuliza habari za nyumbani, kila mwaka unanijibu habari za viazi.

Maombi nitaandika, tena kwa moyo wote. Fomu nimekwisha kuichukua. Lakini ina maswali, ndugu yangu. Inataka kujua ni kiungo gani, kimeharibika vipi, na kwa nini hukusema mapema. Siwezi kuandika “jeraha la pili” nikaishia hapo. Ni jeraha gani?

Niandikie bila kunificha. Mimi na wewe tumekwisha kuonana katika hali mbaya kuliko zote.

Ndugu yako,
Marcelino


Igawilo, Mbeya
29 Machi 1953

Koplo,

Nimekaa na karatasi hii siku nne.

Kile kipande cha chuma kilichoingia nyongani hakikutoka chote. Walitoa kikubwa, vidogo vikabaki karibu na uti wa mgongo. Tangu siku ile mimi si mwanamume kwa mke wangu. Nimekwisha kuandika. Sasa umejua.

Nilipokuwa hospitali India nilidhani ni kwa sababu ya damu iliyomwagika. Nikajiambia, nikifika nyumbani, nikala chakula cha kwetu, nikamwona Damari, mambo yatarudi. Nilifika. Nikala. Nikamwona. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja tu kabla sijaenda vitani, hatukuwa tumepata mtoto, na alikuwa amenisubiri miaka minne bila kumtazama mtu.

Swali la kwa nini sikusema mapema nitakujibu wewe, halafu wewe utajua namna ya kuliandika. Siku ya kupimwa ili tuachishwe jeshi, mwaka 1946, daktari hakujua Kiswahili. Mkalimani wake alikuwa Alinanuswe. Huyo ni kaka yake Damari, wa tumbo moja. Daktari alipomaliza mguu akauliza neno, na Alinanuswe akanigeukia: “Shemeji, kuna kingine kinachokusumbua?” Nilikuwa nimesimama uchi mbele yake. Nilikuwa nimwambie nini? Kwamba dada yake ameolewa na gogo? Nikasema hakuna. Akatafsiri hakuna. Daktari akapiga mstari chini ya jina langu na kumwita anayefuata.

Barua hii uichome.

Asukile


Iringa
20 Aprili 1953

Ndugu yangu Asukile,

Nimeichoma. Niliisoma mara mbili kwanza, nikiwa nimeketi nje ya kanisa baada ya misa, watu wote wamekwisha kuondoka.

Siku ile ulilowa damu kuanzia kitovuni mpaka magotini. Mimi niliona mguu tu, nikaufunga mguu, nikafurahi kwamba nimekuokoa. Miaka yote hii nimekuwa nikiwasimulia watu jinsi nilivyokuokoa.

Maombi nimeyaandika kurasa tatu. Juu ya kunyamaza kwako nimesema kwamba mkalimani alikuwa jamaa wa mke, na kwa desturi za kwenu jambo hilo halitamkiki mbele yake. Jina lake sikulitaja. Nimeweka pia ushahidi wangu mwenyewe kwa kiapo, kwamba mimi ndiye niliyekuona ukijeruhiwa mahali hapo na si mguuni tu. Mkubwa wangu wa kazi ameuona, amekubali niushuhudie.

Daktari wa bodi atakuwa hapa Iringa tarehe 16 Juni. Njoo. Utalala kwangu, na mkalimani nitakuwa mimi. Pia utatia sahihi barua ya kuniruhusu nikusemee mbele ya bodi, maana kila mara wakihitaji neno huwezi kupanda lori kutoka Mbeya.

Usiogope, Asukile. Haki hii ni yako.

Marcelino


Igawilo, Mbeya
5 Julai 1953

Koplo,

Nilifika salama. Lori liliharibika Sao Hill, tukalala hapo kwa baridi kali, lakini asubuhi dereva akalifufua. Mwambie mama Apolonia kwamba ile mikate yake ndiyo iliyotuokoa, mimi na abiria wengine wawili.

Nilipokuwa kwako sikukushukuru ipasavyo. Nilikuwa na haya. Daktari aliponichoma sindano kwenye paja, kwenye kalio, na kule kwingine, akiuliza “unasikia?”, na wewe ukitafsiri, “unasikia?”, na mimi kila mara nikisema sisikii, nilitazama dirishani muda wote. Wakati ulipolisema lile neno kwa Kiingereza sikulielewa, lakini nilimwona daktari akiiweka kalamu chini. Halafu akanigusa begani. Tangu nijeruhiwe ni mara ya kwanza mtu kunigusa kwa ajili ya jambo hili.

Ulisema uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamini. Mimi pia niliona hivyo. Njiani kurudi nilihesabu miezi. Nikajiambia labda kabla ya mwaka kwisha nitakuwa Nairobi.

Damari aliniuliza Iringa kulikuwa na nini. Nikamwambia ni mambo ya mguu.

Asukile


Iringa
11 Novemba 1953

Asukile,

Maombi yamekataliwa.

Nitakueleza sababu, na wewe utanieleza jinsi nilivyostahili jambo hili. Bodi imesema hivi: daktari amekubali kuna vyuma, na amekubali sehemu hizo hazina hisia. Lakini katika jalada lako la mafao ya mguu, mwaka 1949, wewe mwenyewe ulijaza jina la mke na jina la mtoto. Mtoto wa kike, Tusajigwe, amezaliwa Juni 1948. Bodi inauliza, mtu anayesema hana nguvu tangu Oktoba 1944 alipataje mtoto mwaka 1948?

Mimi nilisimama ndani ya chumba kile. Daktari akauliza kama una watoto. Nikakugeukia nikakuuliza. Ukasema, “Sina mtoto.” Nikatafsiri. Nikaweka na jina langu chini ya karatasi.

Sasa nimeitwa mbele ya mkubwa wangu. Ameniuliza kama nimekula njama na askari mwenzangu kuidanganya serikali. Nimemwambia sijui. Ndiyo aibu yenyewe hiyo, Asukile, kwamba sijui. Umekula mezani kwangu, ukawabeba watoto wangu, na hukusema kwamba nyumbani kwako kuna mtoto wa miaka mitano.

Kama ulinidanganya juu ya jeraha, niambie. Kama hukunidanganya, niambie huyu Tusajigwe ni nani. Rufani hupokelewa katika miezi mitatu. Baada ya hapo mlango umefungwa, kwako na pengine kwangu.

Marcelino


Iringa
9 Januari 1954

Asukile,

Ni mwezi wa pili sasa na hujanijibu. Premji ameniandikia kwamba barua yangu uliichukua mwenyewe dukani, ukaisoma ukiwa umesimama mlangoni, ukaenda zako na kusahau chumvi uliyonunua.

Rufani inafungwa katikati ya Februari. Sina hasira tena. Nataka neno moja tu: mtoto ni wako au si wako? Ukisema si wako, na mke wako akakubali, tutashinda, kwa maana daktari yuko upande wetu. Nairobi bado ipo.

Nijibu.

Marcelino


Igawilo, Mbeya
7 Februari 1954

Shemeji Marcelino,

Nakusalimu, ingawa hatujaonana. Mimi ni Damari, mke wa Asukile. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, kwa hiyo hakuna mtu anayeniandikia barua hii.

Juma lililopita nilipeleka viazi mjini. Premji akanipa barua ya mume wangu nimfikishie, nayo ilikuwa yako ya Januari. Bahasha ilikuwa imelowa mvua na kufunguka. Niliisoma. Nisamehe. Kisha nikatafuta kwenye koti lake, nikaipata na ile ya Novemba, ndipo nilipojua kwamba safari ya Iringa haikuwa ya mguu.

Asukile hatakujibu. Tangu Novemba hali chakula pamoja nasi. Analala kwenye banda la kukaushia pareto. Nikimwuliza anasema moshi haumsumbui. Mtoto humpelekea uji huko, anarudi na bakuli limejaa.

Mume wangu si mwongo. Alisema hana mtoto kwa sababu mbele ya daktari alitaka kusema kweli. Na mwaka 1949 alisema anaye kwa sababu hiyo pia ni kweli. Mwanaume gani mwingine hapa Igawilo anamvusha binti yake mtoni kwa mabega, na mguu ule?

Nitakueleza, kisha utachoma. Mwaka mmoja baada ya yeye kurudi kutoka vitani tulikuwa tunalima shamba la mahindi, yeye mstari wake, mimi wangu. Akasema bila kuinua kichwa, “Damari, watu watakuita tasa kwa sababu yangu. Jailos ni damu yangu. Atakapozaa yeye nimezaa mimi.” Jailos ni mdogo wake. Nikamwambia, “Mimi si shamba la kupeana.” Akaendelea kulima. Siku ya tatu akasema tena. Siku ya tano nikamwona analia nyuma ya zizi, amejifunika koti la jeshi usoni. Nikakubali, shemeji. Yeye akaenda kwa dada yake, akakaa majuma mawili. Aliporudi alinikuta napika, akaketi, akaomba maji. Hatujalizungumza tena mpaka leo. Jailos alikwenda migodini Johannesburg kabla mtoto hajazaliwa, na hajarudi.

Hayo tunayajua watu watatu. Wewe ni wa nne. Nimekuandikia ili usimwone rafiki yako mwongo. Lakini hiyo rufani iacheni. Ukitajwa ukweli huu, kanisani tutatengwa wote wawili, nao watamwangalia Tusajigwe kama kitu kilichookotwa. Mimi sikumngojea Asukile miaka minne kwa ajili ya hicho mnachokitafuta Nairobi. Nilimngojea yeye. Mwandikie umwambie rufani imekufa, arudi alale ndani.

Damari


Iringa
12 Februari 1954

Shemeji Damari,

Nimeipokea barua yako. Imeniumiza na imenifungua macho. Sasa najua kwamba Asukile hakunidanganya, na kwangu jambo hilo ni kubwa kuliko unavyodhani.

Usiwe na wasiwasi. Niachie mimi.

Shemeji yako,
Marcelino


Tukuyu
6 Juni 1954

Marcelino,

Ulisema nikuachie wewe. Nilikuachia.

Mwezi uliopita alikuja tarishi kuniita ofisini mjini, mimi peke yangu. Nilidhani ni mambo ya mguu. Nilimkuta bwana mmoja kijana, Mzungu, ana adabu, akanipa kiti. Kando ya meza alisimama mkalimani wa serikali. Mkalimani wa serikali Mbeya ni kaka yangu Alinanuswe. Hukujua? Au Asukile alikwambia ukasahau?

Yule bwana akatoa karatasi. Ilikuwa barua yangu, imekwisha kugeuzwa Kiingereza kwa mkono wako, na yangu yenyewe imebanwa nyuma yake. Akamwambia kaka yangu anisomee kwa lugha yetu, neno kwa neno, niseme kama ni yangu, kwa sababu rufani haiwezi kuendelea bila hivyo.

Alinanuswe alianza kwa sauti yake ya kazini. Alisoma habari za viazi. Alisoma habari za banda la pareto. Alipofika kwenye jina la Jailos akasimama. Yule bwana akasema, “Endelea.” Akaendelea mpaka mwisho. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye masikio. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, “Mama, maneno haya ni yako?” Kaka yangu akaniita mama, kama mtu asiyenijua.

Ningesema si yangu, wewe ungefungwa kwa kughushi, na Asukile angebaki mwongo mbele ya serikali. Nikasema ni yangu. Nikatia sahihi.

Juma lile lile wazee wa kanisa walikwisha kujua. Sijui kaka yangu alimwambia nani. Labda mama tu, na mama akalia mbele ya watu. Jumapili tulisomwa majina kwenye ibada, la Asukile na la kwangu, kwamba tumetengwa na meza ya Bwana. Tusajigwe alikuwa ameketi mbele na watoto wa shule ya Jumapili. Aligeuka kututafuta kwa macho.

Siku ya pili ndugu zangu wakaja kunichukua, mimi na mtoto, kutuleta huku kwetu Tukuyu. Alinanuswe akamwambia mume wangu, “Uliyemgawa dada yangu, huna tena dada yangu.” Asukile alikuwa ameshika jembe. Nilimwambia, “Sema kitu, baba Tusajigwe.” Akafungua mdomo, akaufunga. Mtoto alimshika suruali, wakambandua vidole.

Ilikuwa barua ya kuchomwa.

Damari


Iringa
22 Septemba 1954

Ndugu Asukile,

Nimekuandikia mara tatu tangu Juni na hukunijibu, na sina haki ya kudai ujibu. Leo naandika kwa sababu uamuzi umetoka na mimi ndiye ninayetakiwa kukufikishia. Nakugeuzia kwa Kiswahili kama ulivyo.

Rufani imekubaliwa. Imeandikwa kwamba wewe, katika mapigano ya bonde la Kabaw, Oktoba 1944, ulipata jeraha la nyonga na mishipa ya chini ya uti wa mgongo lililokuondolea nguvu za kiume, na kwamba jeraha hilo limetokana na utumishi wako jeshini. Malipo yako yataongezwa kidogo.

Juu ya Nairobi wameandika hivi: picha za eksirei ulizopigwa hapa Juni ile zimetazamwa na mganga mkuu wa upasuaji. Mishipa imekwisha kufa. Kuitafuta kwa kisu baada ya miaka kumi hakutairudisha, na kunaweza kukunyima mguu. Kwa hiyo ombi la matibabu halikukubaliwa.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho mara nne nikitafuta namna ya kuipunguzia makali. Sikuipata.

Sasa nisikilize. Nilipopata barua ya Damari zilikuwa zimebaki siku chache mlango ufungwe. Mkubwa wangu alikuwa ameniambia nisipoeleza lile neno lako “sina mtoto”, nitafukuzwa kazi kwa kutafsiri uongo, na huenda nikashtakiwa. Nina watoto wanne. Barua ile ilikuwa inaeleza kila kitu, tena kwa maneno ambayo mimi nisingeweza kuyatunga. Na ulikuwa umenipa ruhusa ya kukusemea. Nikajiambia nafanya kwa ajili yako, upone, mke wako akupate mzima, mje mnishukuru. Nilijua kwamba ameniomba niichome. Niliisoma sehemu hiyo, nikaigeuza Kiingereza pia, sikuruka hata neno. Nilijua vilevile, maana ulikuwa umeniandikia, kwamba shemeji yako ni mkalimani. Sikufikiri kwamba watamwita mtu athibitishe. Mimi ninayeshinda na majalada mchana kutwa sikufikiri hilo.

Kazi yangu ipo. Apolonia hanisemeshi tangu nimweleze.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uniambie kitu ninachoweza kufanya. Nikija Tukuyu nikapiga magoti mbele ya ndugu zake Damari, itasaidia? Nikiandika kwa mchungaji wenu?

Marcelino


Igawilo, Mbeya
18 Januari 1955

Koplo,

Barua zako zote nilizipata. Sikuwa na la kukujibu, na bado sina, lakini Premji ameniambia kwamba umemwandikia kuuliza kama ni hai. Ni hai.

Usije Tukuyu. Usimwandikie mchungaji. Kila karatasi inayoandikwa juu yangu inachukua kitu. Hasira juu yako nilikuwa nayo, nikapalilia nayo shamba lote la pareto, ikaisha. Ningekuwa nimekujibu Novemba ile, neno moja tu, Damari asingelazimika kuandika. Hilo najua. Nilikaa bandani nikisubiri nipate namna ya kulisema, nikaacha mwanamke aliseme.

Ule uamuzi nimeuweka juu ya kabati. Nilikuwa nadhani siku watakapokubali nitasikia kitu. Niliusoma, nikaenda kukamua ng'ombe.

Nitakueleza nilivyokwenda kumfuata. Ilikuwa siku chache baada ya mwaka mpya. Nilivaa koti zuri, nikapanda lori mpaka Tukuyu. Alinanuswe mwenyewe alinipokea, yuko likizo. Sikuamini, lakini alinitolea kiti. Amezeeka mwaka mmoja huu. Akasema, “Asukile, mimi niliambiwa nisome, nikasoma. Ningefanya nini?” Nikamwambia, “Na mimi mwaka ule uliniuliza kuna kingine, nikasema hakuna. Ningefanya nini?” Baadaye akaenda kumwita dada yake.

Damari amekonda. Akaketi mbali kidogo, mikono mapajani. Nikamwambia nimekuja kuwachukua.

“Kutupeleka wapi?”

“Nyumbani.”

“Mimi ningekuja,” akasema. “Ungeniambia maneno haya siku ile ulipokuwa umeshika jembe, ningewakimbia kaka zangu nikakufuata shambani. Lakini Tusajigwe hatarudi kukaa mbele ya watu wale. Hapa kuna shule, na watoto wa hapa wanajua nusu tu. Siwezi kumwacha, na siwezi kumleta.”

“Basi nihamie mimi huku.”

“Kwa nani, Asukile? Kwa kaka zangu? Uishi hapa kama nani?”

Akaniuliza kama paa la jikoni nimeliziba. Nikasema bado. Akasema niweke nyasi za upande wa mtoni, zile za juu zinaoza upesi. Tuliongea habari za paa muda mrefu, Koplo. Mtu angepita angedhani ni mume na mke wanapanga kazi ya kesho.

Nilikuwa nimekwisha kusimama niondoke mtoto aliporudi kutoka shule. Amerefuka. Amevaa gauni la shule la buluu na amesukwa nywele mtindo wa Tukuyu. Aliponiona alianza kukimbia, halafu akapunguza, halafu akatembea. Akamtazama mama yake, akamtazama mjomba wake. Hakuna aliyemwambia kitu.

Wewe si mtu wa kwetu, kwa hiyo nikufafanulie. Kwa lugha yetu baba na ndugu zake wote wana jina moja, ni tata. Angeniita tata kusingekuwa na tofauti, kila mtu angelichukua apendavyo, na mimi ningelichukua kama zamani. Lakini amekuwa na akili nyingi, na shuleni amefundishwa Kiswahili. Alipiga goti kidogo, kama wanavyofundishwa, akachagua Kiswahili.

“Shikamoo, baba mkubwa,” akasema.

Nikamwitikia marahaba.

Asukile